Theluthi ya Farasi

Katika vyombo vyote alivyojaaliwa mwanadamu kusafiria juu ya nchi kavu, sijui chenye insafu kuliko baiskeli, kwa maana baiskeli haimpi mtu ila kile alichokitoa mwenyewe kwa miguu yake, wala haimnyimi alichokitoa, isipokuwa kidogo kinachopotea katika gololi zilizokosa grisi. Na kwa ajili ya insafu hiyo watu wa Tanga, mashehe kwa wauza mihogo, walimu kwa wachukuzi wa bandarini, wameipenda tangu zama za wazee wetu, hata mgeni anayeshuka stendi ya Kange na kuingia mjini hujifunza kuzihofu baiskeli kabla hajajifunza kuyahofu magari. Lakini dunia haikosi kuzua jambo, na jambo lililozuka sasa ni baiskeli ya umeme, chombo kinachompa mtu zaidi ya alichokitoa. Na swali linaloulizwa barazani, tena na watu wenye akili zao timamu, ni kama neema hiyo inastahiki fedha inayodaiwa kwa ajili yake, hasa kwa mtu wa kawaida ambaye safari zake ni za sokoni, msikitini, shambani na mazikoni.

Mimi nimejaaliwa kulijibu swali hilo kwa mwili wangu, wala si kwa hiari. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anakaa Utrecht katika Uholanzi, nchi ambayo siku hizi takriban nusu ya baiskeli mpya zinazouzwa ni za umeme, na ambamo mtu hasemwi kwa kuchukua fedha ya kununulia gari kuukuu akanunulia baiskeli. Yake ilikuwa ya Euro 4,000. Aliponitajia bei hiyo katika simu nilimwomba airudie, kisha nikamwomba aitaje kwa shilingi, na alipovuka milioni 10 na bado anahesabu, nikamkatiza: "Mwanangu, kwa fedha hiyo hapa tungenunua pikipiki tatu mpya za kutoka India, na chenji ya mafuta ikabaki." Akacheka, akasema, "Mjomba, pikipiki haikupi mazoezi." Sikufahamu wakati ule, wala sifahamu hata leo, kwa nini mtu anayetaka mazoezi atoe milioni 10 ili apunguziwe mazoezi.

Hata hivyo tumpe mwenye haki haki yake, kwani ufundi wenyewe si wa masihara. Wazo la kuitia baiskeli umeme lilipewa hataza huko Marekani mwaka 1895, kwa jina la Ogden Bolton, wakati ambapo Wajerumani walikuwa wangali wakilaza mataruma ya reli yao ya kwanza kutoka hapa Tanga kuelekea Muheza. Kilichokosekana ni betri, kwa sababu betri za zama hizo zilikuwa na uzito mwingi na nguvu haba; mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ikatoa baiskeli ya kwanza kuuzwa madukani ambayo mota yake humsaidia mkanyagaji badala ya kumpokonya kazi, na betri za ioni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, zilipokuja kutiwa katika baiskeli ndipo mlango ulipofunguka. Penye ekseli ya pedali huwekwa kihisi kinachopima mguu unavyokanyaga, na mota huongeza kwa kadiri hiyo. Mguu ukiacha, nayo huacha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mota hiyo isizidi wati 250, na msaada wake ukome chombo kinapofikia mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Na kwa kuwa farasi mmoja wa wahandisi huhesabiwa kuwa wati 746, basi mpwa wangu kwa milioni zake 10 na ushei alijipatia theluthi moja ya farasi, wala muuzaji hakumbainishia kama ni theluthi ya mbele au ya nyuma.

Alipokuja likizo aliazimia kuja nayo, akaifunga katika katoni kubwa, akaifikisha uwanja wa ndege; na huko akaelezwa lile ambalo wasafiri wote wangepaswa kulijua, kwamba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 haipandi ndege ya abiria, si mkobani wala sandukuni, ilhali yake ilikuwa ya wati-saa 500. Betri ikabaki Uholanzi, mwili ukaja Tanga. Baiskeli ya umeme isiyo na betri ni jahazi lisilo tanga: mlingoti upo, nahodha yupo, na kila mtu aliye ufukoni anaona kwamba hakuna safari. Mota ilikuwa ingalimo tumboni mwake, na uzito wake wote ulikuwa kilo 25. Mpwa wangu, kwa kuona haya ya kuiacha ukumbini, akaipanda kwenda nayo Raskazone, na njiani akapitwa na wanafunzi, akapitwa na muuza mihogo aliyebeba gunia zima, akapitwa na mama mmoja wa makamo mwenye baiskeli ya Phoenix ya Kichina ambaye, kwa roho safi kabisa, aligeuka akamwambia, "Pole baba, chombo kimeharibika nini? Twende kwa fundi." Alirudi nyumbani jioni amelowa jasho, akanywa maji ya mtungi kikombe baada ya kikombe, na tangu siku hiyo hakulitaja tena neno mazoezi.

Likizo ilipokwisha aliniachia chombo kile kiwe amana kwangu, na betri ikafuata kwa njia ya bahari, ndani ya kontena la jamaa mmoja aliyekuwa akirejea nyumbani na makochi yake. Ilipofika ilikuwa na plagi ya miguu miwili ya mviringo, ambayo ukutani kwangu haina pa kuingia, na chaja yenye taa nyekundu iliyomtia mama watoto shaka kubwa, kwa kuwa alikwisha kuona katika televisheni nyumba iliyoteketea kwa betri ya namna hiyo. "Bomu halilali ndani ya nyumba yangu," akasema, na kwa kuwa nyumba ni yake kwa maana zote isipokuwa ile ya hati, betri ya kizungu ikawa inalala barazani, imeunganishwa kwa waya mrefu uliopita dirishani, nami nikilala nayo kuilinda dhidi ya wezi, mvua na mbuzi wa jirani. Gharama yake, nakiri, haikuwa gharama: wati-saa 500 ni nusu ya uniti moja, fedha isiyofika bei ya maandazi mawili. Lakini umeme wa mtaani kwetu una desturi ya kuondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi, na mara nyingi niliamka alfajiri nikakuta farasi wangu amekula robo ya chakula chake tu.

Nikaanza kuipanda. Sasa yasikilizeni ya kufuli.

Baadhi ya baiskeli za bei hii, na yetu ni mojawapo, hazina ufunguo wa chuma. Zina programu katika simu, na programu hiyo hupewa ufunguo wa kidijitali na kampuni iliyoitengeneza, na pasipo ufunguo huo gurudumu halifunguki. Na mtu akihofu kwamba kampuni ikifa baiskeli itabaki imefungwa, hofu yake si ya bure, kwani mwezi Julai mwaka 2023 kampuni ya VanMoof ya Amsterdam, iliyokuwa na sifa kubwa katika biashara hii, ilitangazwa muflisi, na watu waliokuwa na baiskeli zake katika nchi nyingi wakawa wanaharakisha kuzihifadhi funguo zao za kidijitali kabla mitambo ya kampuni haijazimwa. Kampuni ikaja kununuliwa na wengine baadaye, lakini kwa muda walikuwapo watu wazima wenye kazi zao waliokaa wakiogopa kwamba baiskeli waliyoilipia yote ingekataa kuwatambua. Phoenix yangu ina mnyororo na kufuli la kawaida, na kiwanda chake kikifilisika leo haitapata hata habari.

Siku moja ya Ijumaa niliiegesha nje ya msikiti wetu wa Ngamiani, katikati ya baiskeli za waumini wenzangu, na simu nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwa adabu ya msikiti, kwa sababu hakuna jambo linaloniudhi kuliko simu inayolia watu wamesujudu. Khatibu alikuwa amefika katika maneno ya subira. Hapo mbuzi, au mtoto, au shetani mwenyewe, akaigusa baiskeli ile, nayo, ikidhani inaibwa, ikatoa ukelele ambao sijapata kuusikia ukitoka katika chombo kisicho na roho: mrefu, mwembamba, wa kupanda na kushuka, kisha ukatulia kiasi cha khatibu kuvuta pumzi, kisha ukaanza upya. Watoto wa mtaa walipogundua kwamba kila ukiigusa inalia, walifanya kama watakavyofanya watoto wote duniani. Mimi nilikaa safu ya pili, nikitazama mkeka kwa makini makubwa, nikiomba watu wadhani ni ya mwingine.

Sala ilipokwisha, imamu alinikuta uani nimesimama mbele ya kiumbe kile, akanipa mkono, akasema kwa upole, "Mwalimu, naona umetuletea muadhini wa pili, ila wakati haujui." Gurudumu la nyuma lilikuwa limejifunga, na ufunguo, yaani simu, uko nyumbani, mwendo wa mitaa kadhaa. Vijana wawili wenye huruma wakasema hawawezi kumwacha mwalimu wao aende na kurudi juani, wakaiinua wakaiweka mabegani, na tukaanza safari, wao mbele, mimi nyuma, na nyuma yangu kundi la watu waliokuwa wakienda njia hiyo hiyo. Sasa fikirini wenyewe: Ijumaa, watu wamevaa kanzu nyeupe, wanatoka msikitini, kitu kirefu kimebebwa mabegani. Kila tulipopita watu waliinuka barazani. Wauza duka wakapunguza redio. Mzee mmoja, ambaye macho yake yamekwisha kufifia, alivaa kofia yake haraka akaja mbio kutafuta thawabu ya kubeba, akatia bega lake chini ya usukani, akanong'ona, "Inna lillahi, ni nani?" Nilitaka kumwambia, lakini aliyebeba upande wa pili akanitangulia: "Ni baiskeli, babu." Mzee yule alifikiri hatua chache, kisha akauliza, "Ilikuwa ikiumwa?"

Baada ya hapo programu ile niliiondolea king'ora, na mambo yakawa ya kawaida, maana yake ni kwamba nikapata pancha. Fundi wetu hukaa chini ya mkungu, na karakana yake yote ni sanduku la mbao, beseni la maji na pampu ya kusimamia. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, kisha akaizunguka baiskeli ile kimya, mikono nyuma, huku akiitazama kila kona. Kila msumari wa parafujo ulikuwa na kichwa cha nyota. Hapakuwa na mnyororo, ila ukanda wa mpira. Hapakuwa na waya unaoonekana, kwa kuwa waya zote zilipitishwa ndani ya mabomba. "Mwalimu," akasema hatimaye, "aliyefunga hapa hakutaka mtu mwingine afungue." Nami nikadhani yamekwisha. Lakini fundi hakuligusa gurudumu kulitoa. Aliilaza baiskeli juu ya gunia, akachomeka vijiko viwili vya chuma ukingoni mwa rimu, akaitoa midomo ya tairi upande mmoja, akaivuta tyubu nje taratibu ikiwa imezungukia ekseli vile vile, akaijaza upepo kidogo, akaipitisha katika beseni kipande kwa kipande mpaka mapovu madogo yakatoka mfululizo. Akapakausha kwa kanga kuukuu, akapasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipulizia kwa mdomo wake, akabandika kiraka, akakigonga kwa mpini wa nyundo. Kazi yote ilikwisha kabla sijamaliza kahawa yangu. Nilipomuuliza ujira wake alisema shilingi elfu moja, na nilipostaajabu kwamba hakupandisha bei kwa chombo cha milioni 10, alinijibu, "Pancha ni pancha, Mwalimu. Haina habari imetoboa nini."

Huo ulikuwa ushindi wake, na niseme kwa haki kwamba haukujirudia. Siku nyingine kioo kidogo cha usukanini kilionyesha herufi moja na tarakimu tatu, mota ikazimika, na fundi akaangalia herufi ile, akaniangalia mimi, akarudisha spana sandukuni. Ugonjwa wa namna hiyo hutibiwa kwa kompyuta ya wakala wa kampuni, na wakala aliye karibu nami hayuko upande huu wa bahari. Nikaizima, nikaiwasha, nikaisubiri, ikapona yenyewe pasipo sababu niliyoelezwa. Mtu huvumilia mambo hayo kwa homa. Kwa mali ya bei hiyo ni vigumu zaidi.

Kisha kuna suala la keria, nami naona ndilo lililoamua kesi nyumbani kwangu. Baiskeli kwetu ni ya watu wawili na mzigo. Kwenye keria hukaa mke, hukaa mtoto wa shule, hufungwa dumu za maji, tenga la samaki, gunia la mkaa linalomzidi urefu aliyelipakia. Hii yetu ilikuwa na kikeria chembamba cha kupendeza, na juu yake kibati kilichoandikwa kwamba uzito usizidi kilo 25. Mama watoto alivaa buibui lake siku ya arusi ya jirani, akaja uani tayari kwa safari, akakisoma kile kibati. Akakisoma tena. Akaniuliza, "Mimi nakaa wapi?" Nikamweleza kwamba Wazungu aghalabu huenda kila mtu na yake. Akarudi ndani kuita bajaji, na kutoka mlangoni akatoa hukumu ambayo sijaweza kuikatia rufaa: "Hii imetengenezewa mtu asiye na mke."

Msomaji atadhani naichukia. Hasha. Ipo safari moja inayonizuia kusema uongo. Ilikuwa wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini bila kupumzika, nami niliitwa hitma huko Machui, kijiji alikozikwa Sheikh Shaaban Robert mwaka 1962, na njia ya kwenda huko katika majira hayo ni njia ya kupigwa na upepo usoni mwanzo hadi mwisho. Kwa Phoenix, na kwa magoti haya niliyoyatumia kusimama darasani umri wangu wote, ningefika watu wanakunja mikeka. Nilipanda ile ya umeme, nikaongeza msaada, na hapo ndipo nilipoifahamu theluthi ya farasi. Mtu mzima asiye mwanariadha, akikanyaga mwendo wake wa kila siku, hutoa kiasi cha wati mia au pungufu. Basi ni sawa na kuongezewa watu wawili wenye nguvu kunishinda, wasiosema neno, wasiotaka chai. Upepo ulivuma, nami nikaenda. Vilima vidogo vilivyokuwa vikinishusha nikasukuma nilivipanda nikiwa nimekaa. Nilifika na kanzu yangu nyeupe kavu, nikaketi na wazee, nikasoma juzuu yangu kwa sauti ya mtu asiyetweta. Ukweli huu siwezi kuuficha hata kwa mama watoto.

Kwa hiyo nasema hivi. Thamani ya chombo hiki hupimwa kwa kile kinachokiondoa uani. Kwa mpwa wangu kule Utrecht kiliondoa gari, pamoja na bima yake, kodi yake na ada ya kuegesha ambayo katika miji ya Uholanzi humtoa mtu machozi. Nchi ni tambarare, njia za baiskeli zimetandikwa vizuri, wakala yupo, na mke wake ana yake. Kwake Euro 4,000 zinarudi, tena zinarudi upesi. Kwangu mimi kimekuja kuiondoa Phoenix, na Phoenix haitoki, kwa sababu haina deni, hubeba watu wawili na mkaa, na aliyeiharibu na atakayeitengeneza wote wanakaa mtaa mmoja. Kilicho cha faida katika zile milioni 10 ni mota na betri. Kilichobaki, nacho ndicho kingi, ni bei ya wembamba, ya waya zilizofichwa, ya programu inayopiga kelele msikitini, na ya jina lililopakwa ubavuni. Viwanda vya China huuza gurudumu lenye mota ndani ya kitovu chake, na betri yake ya kufunga kwenye bomba, kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, na hufungwa kwa nati za kawaida. Fundi wangu amekwisha kumwona mtu akiwa nayo, na ameniambia, huku akiifuta spana yake, kwamba ile angeweza.

Mpwa wangu amenipa idhini ya kuiuza amana yake. Msomaji ambaye magoti yanamsumbua, anayesafiri peke yake, na ambaye shamba lake liko upande unakotoka upepo, aje aitazame. Ipo barazani, betri yake nzima, kiraka kimoja tu gurudumu la nyuma. Bei ni ya kuzungumza. Msomaji mwenye mke aje naye, akisome kibati mwenyewe kabla hatujaandikiana.